Gari la Kumvusha Mama

Soko la spea kuukuu lilikuwa limefurika watu, nyundo na matusi. Msusi alisimama katikati yake akiwa na gauni la njano na viatu vya wazi, kama mtu aliyekosea njia ya kwenda harusini. Alikuwa amekumbatia springi nzito iliyokwisha kumchafua kifuani, na alikuwa karibu kuilipia.

"Dada, hiyo ukiifikisha nyumbani utaifanyia nini?" sauti iliuliza nyuma yake.

"Nitaifunga kwenye gari. Ulifikiri nitaila?"

"Gari gani?"

Akalitaja. Yule mwanamume akacheka hadi akashika kiuno.

"Basi hiyo utaanikia nguo. Ni ya gari jingine kabisa, tena jani la pili, hiki chuma cha katikati, limekatika. Tazama hapa."

"Jeki!" muuzaji alifoka. "Kila siku wewe ni kuniharibia biashara!"

Ndivyo Msusi alivyolijua jina lake la mtaani. Wenzake walimwita Jeki kwa sababu kazi yake ilikuwa kuinua magari. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ovaroli lake la bluu lilikuwa limepauka. Mikono ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, lakini kola ya shati iliyochungulia shingoni ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka. Msusi anayekagua vichwa vya watu kutwa nzima haachi kitu kama hicho kimpite. Aliiona, na ikampendeza.

"Haya, mjuaji," alisema. "Gari langu linataka nini?"

"Sijui. Niambie unalitaka lifanye nini."

Akamwambia. Lilikuwa gari la marehemu baba yake, kubwa, la zamani, lililochoka hadi tumbo likawa linafagia barabara. Yeye na mama yake waliishi ng'ambo ya bonde, na mvua zikianza bonde lile hugeuka mto. Figo za Mama zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki ilikuwa lazima avuke kwenda hospitali kusafishwa damu. Mvua zilizopita, gari lilizima katikati ya maji, maji yakafika kwenye viti, wakarudi nyumbani. Mama akakaa bila kusafishwa hadi ulimi ukawa mzito, akamtazama binti yake wa kumzaa na kumuuliza yeye ni nani.

Jeki aliacha kucheka.

"Basi springi peke yake haitoshi," alisema. "Springi zitanyanyua chesisi, ile fremu ya chini. Halafu bodi nayo tuinyanyue juu ya chesisi, sakafu ikae juu ya maji. Nitatumia vitu vya kuokoteza, kwa hiyo gari halitapendeza."

"Sitaki lipendeze. Nataka livuke."

"Umeolewa?"

"Hilo linaingiaje kwenye springi?"

"Haliingii. Nimeuliza tu."

Kazi ilifanyika nyuma ya gereji, chini ya bati lililotoboka. Springi nene zilipatikana kwenye gari la mizigo lililouzwa kama chuma chakavu. Shokapu zilitolewa kwenye pikapu iliyopinduka. Fundi wa kuchonga vyuma aliwatengenezea vipande vya mviringo vya plastiki ngumu vya kuweka kati ya bodi na chesisi, pamoja na bolti ndefu za kuvibana. Msusi alifunga saluni mapema kila siku, akavaa fulana kuukuu, akakaa juu ya ndoo kusugua kutu kwa brashi ya waya na dizeli. Kucha zake ziliharibika na wala hakujali.

"Hii mipira ya breki si bado mizima?" aliuliza siku moja. "Tuiache tuokoe kidogo."

"Gari limepanda, mipira imebaki mifupi. Gurudumu likishuka shimoni, mpira unakatika. Msusi, mimi ni mbahili kwa kila kitu, ila kwa breki hapana."

"Hata kwa maneno matamu ni mbahili?"

"Hayo sijaombwa."

"Sasa nakuomba."

Jeki alitoka chini ya gari, akamfuta oili shavuni kwa kidole gumba, akamwongezea nyingine zaidi. Akamtazama alivyokuwa, nusu ya uso nyeusi, akasema, "Umependeza, kipenzi." Msusi alimpiga na kitambaa. Tangu hapo simu haikupumzika.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula kelele za wateja."

"Zina chumvi?"

"Jeki, kata simu, nimeshika kichwa cha mtu."

"Na changu utakishika lini?"

Mama, kitini pake, alisikia yote. Alijifanya kalala, na midomo yake ilikuwa ikicheka.

Siku gari lilipokamilika, Jeki alilileta mwenyewe hadi mlangoni. Lilisimama juu, bovu la sura, matairi yamejaa, na mtu aliweza kuinama kidogo tu akaona chini yake hadi upande wa pili. Msusi alipiga vigelegele. Mama akatoka na fimbo yake, akalitazama kuanzia chini hadi juu.

"Sasa hili ni gari au ghorofa?"

Akajaribu kuinua mguu. Miguu yake ilikuwa imevimba maji, na sakafu ya gari ilimfikia karibu na kiuno. Akajaribu tena. Wale wawili walitazamana, na furaha yote ikawaishia. Walikuwa wamepima kina cha maji, wamepima matairi, wamepima bampa na mipira ya breki. Hakuna aliyeupima mguu wa Mama, na Mama ndiye aliyekuwa sababu ya yote.

Jeki akaweka funguo chini, akamnyanyua Mama mikononi kwa uangalifu, akamketisha kitini.

"Polepole, kijana," Mama alisema. "Mara ya mwisho kubebwa hivi nilikuwa bibi harusi."

"Nitachomelea kipandio, Mama. Kwa sasa kila siku ya hospitali nitakuja nikupandishe mwenyewe."

Akaja kweli. Mvua zikaanza, bonde likajaa, na gari likayapita maji bila hata kukohoa. Mama alipata kusafishwa bila kukosa, na rangi ikamrudia usoni. Kipandio hakikuja.

"Kipandio kimefikia wapi?" Msusi aliuliza mara moja moja.

"Bado, mpenzi. Sijapata chuma kizuri."

Gereji nzima ilikuwa chuma. Msusi alikuwa amejikwaa kwenye vyuma vile hadi akapata alama miguuni. Lakini hakusema. Siku za hospitali aliamka mapema, akajipaka mafuta ya kunukia, akafunga kilemba, akakifungua, akakifunga upya. Moyo wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu baba yake afariki, na hakutaka kuuchokonoa.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Jeki hakufika.

Mvua ilikuwa ya kumwaga. Mama alikuwa amekwisha kuvaa, ameketi kibarazani na mkoba wake mapajani. Msusi alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena. Ikapokewa na mwanamke.

"Nani?"

"Namtaka Jeki."

"Amelala. Tafadhali muache apumzike." Simu ikakatwa.

Msusi alisimama na simu mkononi. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa na uchovu na mamlaka ya mtu aliye nyumbani kwake. Kumbe ndiye anayepiga pasi zile kola! Kumbe maneno matamu yote yale ni ya kugawa mitaa miwili!

"Anakuja?" Mama aliuliza.

"Haji."

"Muite jirani basi, yule muuza mkaa. Ana nguvu."

"Hatumhitaji mtu, Mama. Nitakupandisha mimi."

"Mwanangu, muite jirani."

"Nimesema nitakupandisha!"

Hakuwahi kumfokea mama yake hivyo. Alileta kreti la soda, akalipindua kwenye tope kando ya mlango wa gari. Mama akakanyaga, akamshika binti yake bega. Alipoinua mguu wa pili, kreti likazama upande mmoja. Msusi alimshika mkono, ukateleza kwa mvua. Mama akaanguka chali, na Msusi akasikia mfupa ukivunjika.

Jirani alikuja mbio aliposikia ukelele. Yeye na mkewe walimlaza Mama nyuma. Gari likaingia bondeni, maji yakalipiga ubavuni, na ndani hakukuingia hata tone. Lilifanya kazi yake yote. Msusi aliendesha huku akimsikia Mama nyuma akilia, mama ambaye hakuwahi kulia mbele yake hata baba alipozikwa.

Nyonga ilikuwa imevunjika, na mwili ule haukuwa na nguvu ya kupasuliwa. Mama hakutoka tena kitandani. Kabla mvua hazijaisha, akafariki.

Jeki alipiga simu mara nyingi, na Msusi akaifunga namba yake. Siku ya mazishi alimwona amesimama mbali nyuma ya watu, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Akampa kisogo. Aende kwa mkewe akafarijiwe, alijisemea.

Saluni ilipofunguliwa tena, mwanamke mmoja aliingia akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua mtandio.

"Tunasuka nini, dada?" Msusi aliuliza bila hamu.

"Sikuja kusuka. Mimi ndiye niliyepokea simu siku ile."

Msusi aliweka kitana mezani.

"Mimi ni dada yake, tumbo moja," mwanamke yule aliendelea haraka. "Jioni ya jana yake gari aliloliinua gereji lilichomoka kwenye vyuma vya kulishikilia likamwangukia mkono. Hospitali wakamkata vidole vitatu. Ulipopiga ndiyo kwanza katolewa kwa madaktari, nami daktari ananiita. Sikujua wewe ni nani, nikakata. Nisamehe."

Msusi alivuta kiti akakaa.

"Na kuna jambo lingine. Amenikataza nisikuambie, lakini hali chakula, halali, na mimi sina kaka mwingine. Kile kipandio alikwisha kukitengeneza wiki ile ile aliyowaletea gari. Alikileta kwenu wewe ukiwa kazini. Mama yako ndiye aliyemwambia akirudishe."

Msusi alifunga saluni, akaacha hata wateja wawili barazani.

Jeki alikuwa amekaa juu ya tairi chini ya lile bati lililotoboka, mkono umelala mapajani. Alipomwona, alisimama, kisha akakaa tena kana kwamba hana ruhusa.

"Dada yako amekuja kwangu."

"Nilimkataza."

"Mama alikuambia nini? Niambie neno kwa neno."

"Msusi, muache apumzike. Kosa ni langu. Mimi ndiye fundi."

"Niambie!"

Jeki alitazama chini. "Alisema, 'Kijana, ukishafunga chuma hicho, kesho utakuja kwa sababu gani? Binti yangu hajui kumuita mtu. Kaa nacho kwanza.' Nikacheka. Nikakirudisha gereji nikipiga mluzi njia nzima. Hicho ndicho kinachoniua. Nilikuwa na furaha."

Msusi alikaa kwenye ile ndoo aliyokuwa akikalia wakati wa kusugua kutu. Alitaka kumkasirikia Mama, hasira ikagoma kuja.

"Na mimi nilijua chuma kipo," alisema mwishowe. "Kila nilipokuuliza nilikuwa naomba useme bado."

Jeki aliinua uso.

"Na siku ile aliniambia nimuite jirani. Mara mbili, Jeki. Nikamfokea, kwa sababu nilidhani una mke. Neno langu la mwisho kwake akiwa mzima lilikuwa la kumfokea."

Wote watatu walikuwa wamekula njama moja bila kuambiana, na ilikuwa njama ya mapenzi, na imemuua mmoja wao. Upande wa pili wa uzio mtu alikuwa akigonga chuma, akanyamaza, akaanza tena.

"Nilitaka nije kuposa mvua zikiisha," Jeki alisema. "Sasa mkono wenyewe ndio huu. Hata spana sijui kama nitashika."

"Ukinioa, siku za mvua nitakuwa nakuchukia."

"Najua."

"Na nitajichukia mwenyewe, halafu hasira nitakumalizia wewe."

"Nimalizie."

"Usinijibu kama mtu aliyeombwa chumvi, Jeki. Nasema kweli."

"Na mimi najibu kweli."

Hapo ndipo Msusi alipolia. Kwenye mazishi machozi yalikuwa yamemkataa, watu wakamsema ana roho ngumu. Sasa yalimtoka yote, akalia hadi akakohoa. Jeki hakumwambia anyamaze. Alisogeza tairi lake karibu na ndoo, akakaa naye hadi alipomaliza.

"Kesho ni siku yake ya hospitali," Msusi alisema, akijifuta kwa ukingo wa kanga. "Kila ikifika naamka alfajiri, najipaka mafuta, nafunga kilemba. Halafu ndipo nakumbuka. Nabaki nimekaa kibarazani na kilemba changu kama mwehu."

"Kesho nitakuja."

"Kufanya nini? Hakuna wa kubebwa tena."

"Najua hakuna."

"Sasa utakuja kwa sababu gani?"

"Sina sababu," Jeki alisema. "Nitakuja tu."

Msusi alimtazama, ile kola ambayo siku hiyo haikupigwa pasi, macho yaliyoingia ndani, na mkono ule.

"Basi uje mapema," alisema. "Alfajiri ndipo ninapoumia zaidi."