Restuta Aliyerudi Mapema

Kilichomshangaza Severin kwanza ni viatu vya mkewe. Vilikuwa vimelowa chapachapa, na siku hiyo mtaa wao wa Thornton Heath, London, haukupata hata tone la mvua.

Restuta, nesi, alikuwa ameshika zamu ya muda kwenye kisiwa kidogo mbali kaskazini mwa Uskochi, chenye familia chache, kondoo, na ndege wa baharini wasiohesabika. Mkataba wake ulikuwa haujaisha, naye huyu hapa mlangoni. "Meli ilipata nafasi," alisema, basi. Severin alifurahi. Vuli hiyo ya 1998 alikuwa amechoka kuendesha basi na kumlea peke yake binti yao mdogo, Jacqueline, akisaidiwa na jirani Mkongo, Mama Léocadie.

Kisha ikaja harufu ya mwani uliooza. Ilianzia jikoni, ikaingia kwenye mashuka, hadi kwenye nywele za mtoto. Chai ikawa na chumvi. Ndani ya kuta zilisikika mbawa zikipapatika mchana kutwa, ndege wasionekane.

"Umeshindaje, Mama Jacqui?" Severin aliuliza alipotoka kazini.

"Umeshindaje," Restuta alijibu, kwa sauti ya Severin mwenyewe.

Kesho yake Severin alimwita Mama Léocadie aje kuomba. Mama yule alifika mlangoni, akamwona Restuta akimchana mtoto nywele, akamshika Severin mkono na kumvutia kwake, ng'ambo ya korido.

"Baba Jacqueline," alinong'ona, "ile kitu iko mu nyumba yako haiko bibi yako. Piga simu kule kisiwani."

Severin akapiga. Mwenye nyumba alikopanga Restuta akamwambia asubiri kidogo, kisha ikaja sauti ya Restuta.

"Severin? Jamani, simu ndiyo kwanza zimerudi! Dhoruba imetufungia, meli haiji. Jacqui yuko na nani?"

Severin akageuka kuutazama mlango wake ng'ambo ya korido. "Yuko... yuko na wewe."

Kisha Restuta akasema polepole, "Wenyeji wa huku wanasema kuna kitu cha baharini kinachovaa sura ya mtu; kikijua kimejulikana, kinaondoka na mtu. Nenda kamchukue. Tabasamu. Usikimbie."

Akaingia akitabasamu, akapita kwenye ile harufu ya mwani, akamnyanyua mtoto kutoka chini ya vile vidole vya baridi vilivyochelewa kuachia nywele, akasema wanakwenda kununua maziwa, na huku akirudi kinyumenyume aliona lile tabasamu lake mwenyewe likichipuka usoni mwa yule mwanamke.

"Tunakwenda," kile kitu kikasema.

Severin alipovuka kizingiti, Mama Léocadie aliubamiza mlango na kuliita jina la Yesu. Ndani kukalipuka kelele kama ya ndege maelfu, kisha kukatulia. Walipofungua, mwani mbichi ulitanda sakafu nzima. Hapakuwa na mtu.

Bahari ilipotulia, Restuta alishuka kwenye treni katika kituo cha King's Cross, walikomngojea, akakimbia mikono wazi, akilia.

Jacqueline alijificha nyuma ya miguu ya baba yake. Akauliza, kwa Kiingereza chake cha shule, yule mama mwingine atakuja lini kumchukua, kama alivyomwahidi.