Mashuti Thelathini Aliyookoa Adongo

Kila Jumamosi baada ya mechi, wasichana wa timu yetu ya mtaa wa Baba Dogo tuliketi kando ya uwanja, nami Elsie, mwandishi wa timu, nikasoma takwimu kwa sauti. Hesabu nilizijua, na maringo yangu hayakuwa madogo!

Siku ya kuchagua kipa wa mashindano ya kaunti, Kocha Opicho alifika kutoka kiwandani, bado amevaa ovaroli. "Elsie, makipa wetu wamefungwa mabao mangapi?"

"Kila mmoja amecheza mechi tano, Kocha. Adongo kafungwa kumi. Whitney sita."

Basi, Whitney akachaguliwa. Whitney na mimi ni chanda na pete. Daftari langu lilikuwa na safu nyingine, ya mashuti yaliyolenga goli, lakini hiyo niliiruka makusudi.

"Adongo, mikono imepakwa mafuta?" wasichana wakamcheka.

Wiki iliyofuata baba yake alikosa kibarua, familia ikaamua kurudi kijijini Siaya. Asubuhi ya safari Adongo alikuja mlangoni kwetu na glavu zake. "Mpe Whitney. Mimi mpira siuwezi, hata hesabu zako zimesema."

Akaenda zake. Jamani, nililia mpaka mama akadhani tumefiwa.

Jioni hiyo nilimpelekea Kocha daftari, nikamweleza yote. Alipiga hesabu polepole. Adongo alikuwa amepangiwa timu kali. Alipigiwa mashuti arobaini, akaokoa thelathini, yaani matatu katika kila manne. Whitney alipigiwa kumi na mawili, akaokoa sita, nusu tu.

Kocha hakunigombeza. Alimpigia simu mama yake Adongo, akaomba kuongea na Adongo, kisha akanikabidhi. "Msomee wewe mwenyewe."

Nikamsomea, nikamwomba msamaha.

"Kwa hivyo sikuwa mbaya?" Adongo aliuliza.

"Hukuwa mbaya. Ulikuwa kipa wetu bora."

"Na unaniambia sasa, nikiwa huku? Huku hakuna timu ya wasichana, Elsie." Akaanza kulia, simu ikakatika.

Kocha alichukua daftari. "Nitamtafuta mwalimu wa michezo wa huko, nimtumie safu zote mbili. Huenda akamwanzishia timu. Lakini sikia, mwanangu. Hesabu husema kweli ikisomwa yote. Ulisoma nusu, na nusu hiyo imemtoa mtoto wa watu golini."