Rangi Ilikuwa Bado Mbichi

Jioni ile Verena alipanda ngazi na bakuli la supu ya jibini kwa ajili ya mgeni wake, hana hili wala lile. Alikuwa akiwaza viazi tu, maana vilikuwa vinakaribia kwisha.

Mgeni huyo, Bwana Wendland, alikuwa mchoraji kutoka kaskazini. Alipanga chumba cha juu, na kila asubuhi alipanda korongoni kuchora daraja jipya lililokuwa likijengwa juu ya mto Reuss, ubavuni mwa lile la kale. Watu wa kijiji chetu cha Göschenen walimcheka. Milima yote hii, maporomoko yote haya, na yeye amekodolea macho magogo na waashi wanaotafuna mkate!

"Karibu, mama, njoo uone. Nimemaliza leo."

Chumba kilinuka mafuta ya kuchanganyia rangi. Picha ilikuwa imeegemezwa dirishani. Verena aliisogelea akitabasamu, kwa sababu korongo lilikuwa lenyewe kabisa, na giza lake na manyunyu yake. Daraja la kale lilikuwa chini, dogo. Lile jipya lilikuwa juu yake, tao lake, lililozibwa juzi kwa jiwe la katikati, bado limebebwa na magogo. Waashi walikuwa wamejinyoosha kando ya mawe, hoi.

Kisha akaona mtu amesimama katikati ya tao jipya.

Skafu nyekundu. Bega la kushoto limeshuka...

Supu ilimwagikia mkono wake, asisikie moto wake.

"Huyu ni mume wangu."

"Balz, ndiyo! Alikuwa amekaa chini na wenzake, mimi nikampandisha. Pale juu palitaka wekundu kidogo."

"Umempandisha," Verena alirudia.

Kila mtoto wa bonde lile anajua. Daraja la kale wazee walijengewa na Ibilisi, na ujira aliotaka ni roho ya atakayevuka kwanza. Wazee wakamswagia mbuzi. Ibilisi akaondoka na mbuzi wake, na hasira zake hazijapoa mpaka leo. Tangu hapo mtu havuki daraja jipya kabla ya mbuzi. Mbuzi wa daraja hili alikuwa amefungwa kwa padri, akingojea Jumapili. Hata waashi, na ubishi wao wote, walizunguka kwa daraja la kale kila siku kuliko kukanyaga jiwe lile la katikati.

"Mtoe," Verena alinong'ona.

"Mama, hii ni picha tu."

"Mtoe, baba. Nakuomba."

"Basi kesho. Mwanga umeshakwisha."

Kesho! Na Balz bado alikuwa kule juu na mdogo wake Melk, wakikusanya zana. Verena alimpenda mume wake, tena waziwazi, mpaka majirani wakawa wanamtania. Angengojaje kesho? Rangi ilikuwa bado mbichi. Akanyoosha kidole gumba, akamfuta.

Mto ukanyamaza.

Tangu azaliwe hakuwahi kusikia kimya kile. Pumzi moja... mbili... Kisha ngurumo ikarudi.

"Umeniharibia!" Bwana Wendland alimshika mkono.

"Weka mbuzi hapo. Mweupe. Ndiyo desturi yetu."

Mchoraji akamhurumia. Akachovya brashi. Pembe mbili, miguu minne. "Bega nitaliacha lilivyo," alisema, "mstari wake mzuri." Na wekundu kidogo ulibaki shingoni, ukakataa kufunikika.

Masikini Verena, alimshukuru. Alimbusu mpaka mkono.

Hakuwa amemaliza kuosha bakuli Melk alipoingia, peke yake.

"Shemeji, Balz ametangulia?"

"Si mlikuwa pamoja?"

"Tulikuwa tumekaa. Namtania, namwambia jibini la mkeo linanuka kuliko soksi zangu. Nageuka nisikie matusi yake... hayupo. Mkate wake uko juu ya jiwe, ameuma mara moja tu." Melk alishusha sauti. "Na kuna mbuzi juu ya daraja. Sijui wa nani. Wa padri nimempita sasa hivi, amefungwa."

Verena alitoka mbio, shemeji yake nyuma.

Mbuzi alikuwa pale pale, juu ya jiwe la katikati. Mweupe. Uzi mwekundu shingoni. Bega la kushoto limeshuka.

Verena aliita jina moja tu. Mbuzi akageuza kichwa.

Alitaka kumkimbilia, na angemkimbilia, lakini Melk alimkumba kiunoni. "Ukikanyaga pale utakayechukuliwa ni wewe, shemeji! Watoto utamwachia nani?" Akabaki ukingoni, hatua sita tu, mikono imenyooshwa mbele. Mbuzi alipiga hatua kumjia.

Ndipo mtu akaita kutoka ng'ambo. Taratibu, kwa kugonga ulimi, kama tunavyowabembeleza mbuzi wakati wa kuwapa chumvi.

Ng'ambo hakukuwa na mtu.

Kulikuwa na harufu tu, ya manyoya yaliyoungua.

Mbuzi alimtazama Verena kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akavuka.

Jumapili yule mbuzi wa padri alipitishwa darajani, watu wakapiga makofi. Balz walisema alichukuliwa na mto, na misa ikasomwa. Verena hakubisha, angesema nini? Kwamba Ibilisi alidanganywa mara moja, akapewa mbuzi asiye na roho ya mtu, na safari hii alitengenezewa mbuzi mwenye roho ndani, tena kwa kidole cha mke? Bwana Wendland aliondoka na picha yake. Inasemekana huko kwao wanaisifu sana.

Siku hizi Verena havuki daraja lile. Jioni huweka chumvi kwenye jiwe la ukingoni, upande wa huku, na asubuhi huikuta imelambwa. Melk humwambia mbuzi wengi hupita pale.

"Najua," yeye hujibu, na kuficha kidole gumba ndani ya aproni. Amekisugua kwa mchanga, amekisugua kwa majivu. Bado ni chekundu, na rangi bado ni mbichi.