Kicheko Nyumbani kwa Dobi

Giza lilikuwa halijakolea Mama Mikate aliposimamisha gari mbele ya nyumba ya dada yake. Alikuwa amefuata sare za wafanyakazi wake. Kwa kawaida hiyo ilikuwa kazi ya dereva, lakini dereva alikuwa amelala na homa, na sare zilitakiwa alfajiri. Dada yake alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi humo humo alimoishi, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya magari. Mama Mikate hakukumbuka mara ya mwisho alipokanyaga pale.

Jina hilo alipewa na wateja enzi zile anauza mikate dirishani, unga hadi viwikoni. Sasa alikuwa na maduka kila mtaa, na jumba lenye vyumba ambavyo vingine hakuwahi kulala ndani yake. Lakini usingizi ulikuwa umempotea. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Siku moja mumewe alimwambia, wala hakuwa anatania, "Siku hizi unacheka kwa meno tu."

Neno lile lilimchoma. Akaenda kwa mganga kwa siri, mtandio umemfunika uso. Mganga alimtazama kwa muda, akasema, "Kitu chako kimewekwa mahali. Na aliyekiweka mmenyonya ziwa moja."

Tangu hapo alimtazama dada yake kwa jicho la pembeni. Hana mume, hana kiwanja, anaungua mikono kwa pasi mchana kutwa... mbona ananawiri? Mbona analala fofofo? Anakula nini huyu?

Uani mashuka yalikuwa yameanikwa, kamba juu ya kamba. Hapakuwa na upepo. Shuka moja likatikisika... polepole... kama kuna mtu aliyepita nyuma yake.

"Hodi," alisema.

Ndipo aliposikia kicheko.

Kilitoka ndani. Kilianza kwa kwikwi ndogo, kikajizuia, halafu kikapasuka kama maji ya bomba lililokatika. Kicheko kile alikijua. Marehemu mama yao alikuwa akikikemea mezani: msichana gani anacheka hivi!

Kilikuwa chake.

Aligonga. Kicheko kikakatika ghafla. Mlango ukafunguliwa upana wa uso tu, na dada yake alipomwona alishtuka kama mtu aliyeona maiti imesimama.

"Uko na nani?" Mama Mikate aliuliza.

"Niko peke yangu."

Lakini nyuma ya bega lake, mezani, palikuwa na vikombe viwili vya chai. Vyote vilikuwa vinafuka moshi. Halafu ile harufu... Nyumba ya dobi hunuka sabuni na nguo zilizotoka kwenye pasi. Hii ilinukia hamira na unga uliokandwa sasa hivi.

Aliusukuma mlango, akaingia.

"Dada, nimeshaambiwa. Umeniroga. Nirudishie kilicho changu, tuachane kwa heri."

"Shusha sauti," dada alinong'ona. "Atasikia."

"Nani?"

Dada alitazama pazia la chumba cha nyuma.

"Wewe."

Mama Mikate alitaka kucheka kwa dharau. Hakikutoka kitu.

"Mwaka ule ulipofungua duka la pili," dada alisema, akiyatoa maneno moja moja, "mlango uligongwa, jua linazama. Nikafungua. Ulikuwa wewe, na unga mikononi. Ukaniambia, 'Dada, kule hakuna wa kukaa na mimi, nihifadhi kidogo.' Nikajua umegombana na shemeji. Nikakutengea chai, ukalala. Asubuhi natoka kumwaga maji, nakuona unapita kwenye gari, vioo umefunga. Na huku ndani bado nasikia unaimba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja dukani kwako mara ngapi? Kila nikija, bosi ana kikao." Aliinamisha kichwa. "Baadaye nikaacha kuja. Sikukuroga, mdogo wangu. Ila sikumfukuza. Nilikuwa mpweke, naye anapenda kukaa na mimi. Hilo ndilo kosa langu, ukitaka kulihesabu."

Mama Mikate hakujua aamini lipi. Alilivuta pazia.

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi, anakanda donge la unga. Mikono ile. Shingo ile. Hata mvi chache za pembeni zilikuwa zile zile, kwa hiyo hakuwa kijana kuliko yeye. Uso tu ndio uliotofautiana. Ulikuwa umetulia, kama uso wa mtu asiyesubiriwa popote.

Aliinua macho, akamtazama bila kumtambua.

"Dada," aliuliza taratibu, "huyu mgeni ni nani?"

Dada alitazama sakafuni.

"Ni mteja," akasema.

Mama Mikate alisogea hatua moja. "Twende nyumbani," alimwambia yule mwanamke. Sauti yake ilikuwa ya kuomba, jambo ambalo mwenyewe hakulitarajia.

"Kuna nani huko?"

Akafungua mdomo ajibu. Maduka. Jumba. Magari... Kila alichokifikia hakikuwa mtu.

Simu ikalia kwenye mkoba wake. Dukani, bila shaka. Mkono ukaenda wenyewe, kama kawaida. Na kadiri ulivyoisogelea simu, ndivyo yule mwanamke alivyofifia. Ukuta ulionekana kupitia kifuani mwake.

"Usipokee," dada alisema huku analia. "Nakuomba."

Simu iliita... ikaita... Mama Mikate akauweka mkoba sakafuni. Akakunja mikono ya gauni lake la thamani, akasimama upande wa pili wa meza, akauzamisha mkono kwenye unga. Ulikuwa wa vuguvugu. Vidole viligusana na vidole. Kitu kilimtekenya kooni, kwikwi ndogo, na kicheko kikapasuka. Hakuna aliyejua kimeanzia kwa nani.

Kilipokwisha, mezani palikuwa na mwanamke mmoja.

Nje, gari likawaka.

Dada na huyo aliyebaki walikimbilia mlangoni. Gari lilikuwa linaondoka, vioo vimefungwa, na kwenye usukani ameketi mtu aliyenyooka kama mti. Waliporudi ndani, mkoba haukuwepo sakafuni.

Usiku ule alilala kwa dada yake. Asubuhi aliporudi nyumbani, mumewe alimpokea kwa wasiwasi. "Jana ulikuwa na nini? Ulikuja ukafungua vyumba vyote, kimoja kimoja, kama unatafuta kitu. Nikakusemesha, hukunijibu. Ukatoka." Gari lilikutwa mbele ya duka kubwa, injini ingali ya moto. Ndani hapakuwa na mtu.

Mama Mikate aliyauza maduka, akabakiza lile la dirishani. Chakula kilimrudia utamu. Alilala kama mtoto. Jioni nyingi alikuja kwa dada yake, wakanywa chai, na dada alizoea kumshika mkono kwanza, kama anayehakikisha ni wa mtu, kabla ya kumkaribisha kiti.

"Mdogo wangu," alimuuliza jioni moja, "siku ile, aliyebaki ni yupi?"

Mama Mikate aliweka kikombe chini.

"Sijui, dada," alisema. "Wala sitaki kujua. Nina raha."

Akaaga. Dada alimsindikiza hadi kizingitini tu, akafunga mlango kwa komeo, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho, wala hakujua anamfungia nani. Halafu akakaa gizani, akimsikiliza anavyokwenda zake mtaani, anacheka peke yake.