Benchi la Watu Wawili

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuipiga picha piano ya mtunzi mmoja wa zamani kabla gari la mizigo halijaja kuichukua kesho yake, kisha arudi kwake kabla giza halijashika. Lakini mtu hupanga lake, na giza nalo likapanga lake.

Mwenye kazi hiyo alikuwa mwanamke, msomi wa muziki wa piano. Mtaani walimwita Daktari wa Vinanda, na majirani hawakuchoka kumtania: "Daktari, tumbo limenivuruga, una wimbo gani wa kunywa baada ya kula?" Alicheka nao, siku zile alipokuwa bado anacheka. Mwaka uliopita homa ilimchukua binti yake wa pekee. Tangu hapo majirani wakawa wanamwamkia tu na kupita.

Utafiti wake ulikuwa juu ya mtunzi huyo aliyekufa zamani, aliyetunga nyimbo za piano za watu wawili kwenye benchi moja. Mkubwa huketi kushoto na kupiga nota nzito, mtoto huketi kulia na kupiga nyembamba. Sasa, mtunzi huyo naye alifiwa na mwanawe. Na nyimbo zote alizoandika baada ya msiba zina ajabu moja: sehemu ya mkubwa imeandikwa hadi mwisho, sehemu ya mtoto ni mistari mitupu.

Wasomi walibishana hadi mate yakawakauka. Mmoja alisema karatasi zilipotea. Upuuzi mtupu! Sehemu zote mbili ziko kwenye karatasi ileile. Nusu ya karatasi itapoteaje? Mwingine alisema mzee alichoka. Achoke kwa sehemu ya mtoto tu?

Yeye alikuwa na wazo lake, ila hakuthubutu kulitamka mbele za watu. Aliamini mtunzi aliacha nafasi ili mwanawe aje aijaze mwenyewe. Na kama mtoto yule alikuja, basi na wake...

Moyo wenye njaa haujui aibu.

Mlango ulifunguliwa na bibi mwenye funguo, mjukuu wa ndugu wa mtunzi, aliyebaki peke yake kuilinda nyumba.

"Umeme wameshakata," bibi alisema. "Piga picha zako, mwanangu, utoke."

"Sawa, bibi. Naweza kujaribu sauti yake kidogo?"

Bibi alichungulia ndani. Kisha akanong'ona, "Keti katikati ya benchi. Usiache nafasi."

"Kwa nini, bibi?"

"Nimeshakwambia. Mengine ya nini?"

Akajikokota hadi barazani.

Chumba kilinuka vumbi na mbao kuukuu. Benchi lilikuwa limebonyea upande wa kulia, kama mto uliolaliwa. Daktari alisahau picha. Aliketi kushoto, pembezoni kabisa, na upande wa kulia akaacha nafasi ya mtoto.

Akaanza kupiga.

Nota nzito zilitoka kama mtu anayeita kutoka chini ya ngazi. Alipiga ukurasa wa kwanza. Kimya. Wa pili. Kimya. Dirishani mwanga ulikuwa unakufa. Akajisemea, mwanamke mzima wewe, hebu inuka uende zako...

Kriii.

Benchi lililia upande wa kulia.

Hakugeuka. Alisikia baridi ikimpanda begani. Kisha harufu: maji yaliyotuama, matope, majani yaliyooza.

Kisha sauti nyembamba ikaingia.

Ilikuwa tamu! Iliingia mahali pake hasa, kwenye ile mistari mitupu. Machozi yalimtiririka hadi shingoni. Vidole vyake havikuacha kupiga.

"Mama yupo," alinong'ona. "Mama yupo hapa."

Binti yake alikuwa na kasoro moja. Kidole cha nne, cha pete, kilikuwa kivivu. Kikigusa, nota haikutoka. "Cha nne kimelala tena!" mama alikuwa akimwambia. Na mtoto hakukosa jibu: "Kimesoma sana, mama, kama wewe. Kiache kipumzike." Wakacheka hadi wimbo ukaharibika.

Sasa aliingojea kasoro ile kama mwenye kiu. Sauti ya upande wa kulia ilianza kupanda ngazi ya nota. Kidole gumba... cha pili... cha tatu...

Cha nne kikalia. Safi kama kengele.

Labda amesikia vibaya. Alirudia. Sauti ikapanda tena.

Safi.

Hakuwa mtoto wake.

Mikono ikamfia juu ya vibao vya piano. Ndipo ikaja sauti ya mtoto, karibu na sikio lake, yenye maji ndani yake:

"Mbona umeacha, mama?"

Hakumbuki alivyofika barazani.

"Amekuja," alisema. "Bibi, amekuja. Lakini si wangu."

"Amelowa?"

"Amelowa."

"Huyo huja sana. Wa mtunzi alikufa kwa surua, kitandani, mkavu. Hakuja hata siku moja. Babu yangu mdogo, mtunzi mwenyewe, alipiga piano hadi uzeeni, na waliokuja wote walikuwa watoto wa watu. Kila mmoja na wimbo wake. Angeandika upi kwenye mistari ile?"

Basi hilo ndilo jibu la utafiti, na hakuna mkutano wa wasomi utakaolisikia.

"Na wangu?" Daktari alimshika bibi kanga. "Kama wa wenzangu wanakuja kwangu... wangu yuko kwa nani?"

Bibi alifunga mlango, akazungusha ufunguo.

"Nenda nyumbani, mwanangu."

Alikwenda. Nyumbani kuna piano yake na benchi lake, na kila jua likizama huketi kushoto na kuacha nafasi. Asubuhi hukuta mbao zimelowa. Siku hizi watoto wa watu hawamngoji hata aanze. Benchi hulia yeye akiwa bado jikoni, mara upande mmoja, mara pande zote mbili.

Huwapigia wote. Hamfokei yeyote. Na kila akimaliza huinama juu ya vibao na kunong'ona kama mtu anayezungumza na jirani asiyemjua, upande wa pili wa ukuta:

"Wewe uliye naye... cha nne chake huwa kinalala. Nakuomba, usimgombeze."