Gitaa Lenye Homa

Gitaa lilikuwa na joto. Fundi alilishika shingoni, pale juu ya meza yake ya kazi, saa nne asubuhi na mlango uko wazi, akahisi kama anamshika mtoto mwenye homa.

"Lilikuwa juani?" alimuuliza mkwe wake.

"Hapana, mama. Nimelitoa chini ya kitanda sasa hivi."

Kwenye benchi alikaa bintiye, mke wa kijana huyo, kitambaa kimemzunguka koo. Alikuwa mwimbaji. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu mumewe alinunue gitaa hilo la umeme kwa mchuuzi, na kwa siku zote tisa yeye hakutamka neno. Daktari alimmulika kooni, hakuona kidonda. Jana yake binti alimwandikia mama kikaratasi: *Sauti yangu imo humo.*

"Mchuuzi alisema limetoka wapi?"

"Ng'ambo. Eti limechongwa kwa mti wa miaka elfu."

Fundi akaliunganisha na spika. Kabla hajagusa uzi hata mmoja, chumba kikanuka nywele zilizoungua, na kutoka kwenye spika ikaja sauti ya bintiye, laini, ya karibu: "Usinifungue, fundi."

Mkwe akarudi nyuma mpaka ukutani. "Tuliache, mama," alinong'ona. "Nitamrudishia mwenyewe."

"Ukilirudisha, unairudisha na sauti ya mkeo." Akachukua bisibisi. "Wewe uliyemo, ni nani?"

"Sultani wa majini. Nilizaliwa ndani ya mti uliokuwapo kabla ya babu wa babu yako. Nyumba yangu haijafunguliwa na mwanamke."

"Basi leo utafunguliwa."

Skrubu ya kwanza ilipolegea mlango ukajifunga wenyewe, mwanga ukanywea dirishani, na binti akajishika koo kwa mikono miwili huku macho yakimtoka, na mumewe akamrukia fundi mkono akimsihi kwa sauti ya kukauka aache, aache kwa jina la Mungu, na kutoka kwenye spika ile sauti ya bintiye ikamwambia fundi taratibu kwamba akizungusha bisibisi mara moja zaidi atamzika mtoto wake leo hii hii.

Fundi akasita. Jasho likamtiririka mgongoni. Miaka thelathini alikuwa akisikiliza ala za watu, na alijua kibaya chajitembeza. Mwenye nguvu ya kunyonga angeshanyonga, huyu anabembeleza.

Akazungusha.

Kifuniko kikatoka. Akakwangua rangi ukingoni kwa kisu, na chini yake yakatokea matabaka membamba yaliyogandishwa kwa gundi.

"Plaiwudi," alisema. "Mti wa miaka elfu gani huo unaoota na gundi?"

Spika ikakoroma.

"Sumaku dhaifu. Waya mwembamba. Na huu hapa mhuri wa kiwanda, wameufunika kwa rangi. Gitaa hili limetengenezwa kwa mashine, pamoja na wenzake maelfu, kwa ajili ya watu wanaojifunza. Si aibu hiyo. Aibu ni kudanganya." Akainamia lile shimo jeusi mpaka harufu ikamchoma pua. "Na wewe, sultani hakai kwenye plaiwudi. Huna mti, huna ufalme. Ni kijini uliyekosa pa kujibanza, ukaiba sauti ya mtoto wa watu ili uonekane mkubwa."

Kisha ikasikika sauti nyingine, nyembamba, ya mkwaruzo, si ya binti tena: "Nitakwenda wapi?"

"Sijui. Lakini hapa unatoka."

Uzi mnene ukakatika kwa kishindo, ukamchana fundi shavu. Mlango ukafunguka. Upepo wa moto ukampita mkwe miguuni, akachuchumaa akilia, na kulipokuwa kumetulia gitaa lilikuwa baridi kama ubao wowote.

Binti akakohoa. Akakohoa tena.

"Mama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Akamshika mkono wenye bisibisi. "Unatetemeka."

"Najua."

"Hata ulipokuwa ukimkejeli yule kijini?"

"Hapo ndipo nilipotetemeka zaidi," fundi alijibu, akaketi sakafuni pale pale, akaomba maji.