Kengele ya Maji

Kengele ya maji ililia shimo likiwa kavu. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1953, katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Kwa kawaida maji yakipanda chini shimoni, boya huinuka, waya hupeleka habari, na kengele hulia kwenye banda la winchi. Siku hiyo Makoye, mwendesha winchi, aliposikia mlio aliwapandisha wachimbaji haraka, mwanawe Selestine akiwa miongoni mwao. Walioshuka kukagua hawakukuta hata tone.

Valerian, fundi wa umeme, aliona waya mwembamba wa kengele umefungwa pamoja na waya mnene wa pampu. Alimweleza Makoye kwamba umeme wa ule mnene huuchokoza ule mwembamba. Akautenga, akaupitisha kwenye ukuta wa pili, akauvisha ala ya madini ya risasi na kuiunganisha na ardhi. Kengele ikanyamaza.

Kisha ikaanza tena, mchana kweupe, safari hii polepole, kama mtu anayebisha hodi, na banda likanuka matope. Mganga aliyeletwa kutoka Rwamgasa alikataa hata kuutua mkoba wake. Alisema hilo ni jini la maji ya chini. Haliombi mbuzi, linataka mtu.

Kesho yake ikalia. Valerian alizima umeme wa pampu, ikaendelea. Akachomoa betri ya kengele, ikaendelea. Akaukata waya wenyewe, akabaki ameshika ncha iliyokuwa baridi na kuchuruzika maji mkononi mwake, huku kengele ikilia juu ya kichwa chake taratibu vilevile, mpaka akajua kwamba yote aliyofundishwa yameishia hapo.

"Mwanangu yuko chini," Makoye alinong'ona.

Akavuta winchi. Wachimbaji walitoka wamelowa hadi kifuani. Selestine hakuwamo. Makoye alipouliza, wote walimtazama Valerian, na Onesmo, mkubwa wao, akajibu kwa sauti ya chini.

"Alitangulia, Baba Selestine. Fundi huyu alishuka kwa ngazi, akamshika mkono, wakaondoka pamoja."

"Mimi sikushuka," Valerian alisema. "Makoye, nilikuwa nawe hapa."

"Najua."

Walimtafuta kijana shimoni, pakavu kila mahali, wasione hata kofia yake. Makoye hakumlaumu mtu. Lakini tangu siku ile, kila Valerian alipomnyooshea mkono kumsalimu, Makoye aliuficha wake nyuma ya mgongo.